Tarihi Fupi ya Kujisomea, Toka Bashay Hata Chuo Kikuu

Katika nyanda za juu za Mbulu na Hanang, Mkoa wa Manyara, kuna mahali paitwapo Bashay. Ni nchi ya mahindi na maharage, ya ng'ombe na samadi, na ya baridi ya asubuhi ambayo mtu wa pwani akifika huistaajabia. Mtoto azaliwaye huko aghalabu huanza kusema kwa Kiiraqw, lugha yenye udugu na lugha za Kikushi za Ethiopia na Somalia. Jirani zake Wadatoga husema lugha ya Kiniloti. Wanyiramba husema lugha ya Kibantu. Na katika bonde la Yaeda wako Wahadza, ambao lugha yao haina ndugu ajulikanaye. Ni nadra katika Afrika kuona lugha za asili mbalimbali namna hiyo zikikaa karibu. Basi mtoto wa huko, kabla hajashika kalamu, amekwisha kuzoea kwamba duniani kuna maneno asiyoyajua, na kwamba hujulikana kwa kusikiliza na kuuliza.

Mtoto huyo akiingia shule ya msingi husoma kwa Kiswahili. Akifika sekondari hukikuta Kiingereza. Na akijaliwa kufika Chuo Kikuu hukikuta Kiingereza cha namna nyingine kabisa, yaani kile cha vitabu vikubwa, ambacho hata mwenye lugha yake hukisoma kwa kurudia. Hapo ndipo wengi huona ajabu. Kijana aliyekuwa wa kwanza darasani kwao, aliyesifiwa na walimu na kuombewa na wazee, akifika Chuoni husoma usiku kucha na bado hupata alama ndogo. Hukesha zaidi, na alama hazipandi. Kichwa humwuma, usingizi humkimbia, na chakula hakimpendezi. Wanafunzi wenyewe wana maneno yao juu ya mambo hayo: kusoma kwa nguvu ni kupiga msuli, mtihani wa kurudia ni sapu, na kuachishwa masomo kwa kushindwa ni kudisko. Maneno hayo ni ya mzaha, walakini jambo linalofichwa ndani yake si la mzaha hata kidogo.

Watu wengi hudhani kwamba taabu hiyo ni upungufu wa mwanafunzi mwenyewe: ama ni mvivu, ama akili yake imefika kikomo, ama moyo wake ni mwepesi. Tarihi ya elimu katika Afrika Mashariki yaonyesha jambo jingine. Yaonyesha kwamba shule zilileta namna mpya ya kusoma, yaani kusoma peke yako, kimya, kwa lugha ya kigeni, na kwa ajili ya siku moja ya mtihani. Wala namna hiyo yenyewe haikufundishwa. Mwanafunzi alidaiwa ujuzi ambao hakuna aliyempa, naye aliposhindwa aliona haya kana kwamba ameiba.

Kabla ya shule za Kizungu watu hawakukaa bila kujifunza. Katika mikutano ya Wairaqw mzee mmoja husema slufay, yaani maneno ya sala na baraka yaliyopangwa kwa ufasaha, na waliohudhuria huitikia kwa pamoja. Kijana hakupewa kitabu cha maneno hayo. Alikaa miongoni mwa watu, akasikia, akaitikia, mwaka baada ya mwaka, hata yakamkaa moyoni. Kilimo nacho alijifunza hivyo hivyo: kutia samadi shambani, kulinda udongo wa mteremko usichukuliwe na mvua, kuchunga na kutunza mifugo. Alifanya kidogo leo na kidogo kesho, mbele ya macho ya mtu ajuaye zaidi, ambaye alimkosoa papo hapo.

Huko pwani, kwa karne nyingi, palikuwa na vyuo vya Kurani. Mtoto alipewa sehemu yake, akaisoma kwa sauti pamoja na wenzake, kisha akasikilizwa na mwalimu kabla ya kupewa sehemu nyingine. Aliyeshindwa hakungoja mwisho wa mwaka ili ajue kwamba ameshindwa. Alijua siku ile ile, akarudia. Tena mtoto mkubwa alimsomesha mdogo, na kwa kumsomesha naye akazidi kuthibiti.

Si haki kuyasifu mambo ya kale kupita kiasi. Mtoto wa chuoni aliweza kuhifadhi sura nyingi za Kiarabu asielewe maana ya neno moja. Kijana wa Mbulu alifundishwa kuitikia wazee kuliko kuwahoji. Kuhifadhi bila kufahamu ni ugonjwa wa zamani, wala haukuletwa na meli. Lakini elimu zile mbili, ya bara na ya pwani, zilikuwa na mambo matatu yaliyofanana: zilisomwa kwa sauti, zilisomwa kwa pamoja, na zilisomwa haba na haba. Mambo hayo matatu ndiyo yaliyokuja kupotea.

Wajerumani walifungua shule ya serikali Tanga mwaka wa 1892, na baadaye nyingine katika miji mingine, wakisomesha kwa Kiswahili ili wapate makarani, makalani wa forodha, na walimu. Waingereza walipoitwaa nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza walifuata njia yao. Mwaka wa 1925 ilifunguliwa shule ya Tabora, ambayo mwanzoni ilikusudiwa hasa watoto wa watemi na wakuu. Shule za namna hiyo zilikuwa za bweni. Kengele ilimwamsha mwanafunzi, kengele ilimpeleka kuoga, kengele ilimwita kula, na usiku kengele ilimketisha mbele ya kitabu na kengele nyingine ikazima taa. Utaratibu huo uliwafaa wengi, na ulitoa watu hodari. Lakini ulikuwa na kasoro moja ambayo haikuonekana mara moja. Ratiba ilikuwa ya kengele, si ya mwanafunzi. Aliishi kwa mpango miaka mingi asijifunze kupanga.

Kasoro hiyo ilidhihirika Chuoni. Makerere, iliyoanza mwaka wa 1922 kama shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, ilipanda daraja kidogo kidogo hata ikawa shabaha ya kila kijana mwenye akili toka Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja. Julius Nyerere alisoma hapo toka mwaka wa 1943 hata 1945, akachukua stashahada ya ualimu. Mwaka wa 1949 Makerere ikawa Chuo Kikuu kishiriki kilichofungamana na Chuo Kikuu cha London, na wanafunzi wake wakawa wakitahiniwa kwa shahada za London. Heshima ilikuwa kubwa, na mzigo nao ulikuwa mkubwa. Kijana aliyezoea kengele aliachiwa chumba, maktaba, na orodha ya vitabu. Hakuna aliyemwamsha. Hakuna aliyemwuliza jana amesoma nini. Mwisho wa safari ulikuwa karatasi za mtihani, ambazo kwa saa chache ziliamua thamani ya miaka kadhaa.

La kusikitisha ni kwamba katika miaka hiyo elimu ya namna ya kusoma ilikuwa imekwisha patikana ulimwenguni. Mwaka wa 1885 Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, alitangaza majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alihifadhi orodha za silabi zisizo na maana, akapima jinsi zinavyosahaulika. Akaona kwamba sehemu kubwa hupotea mapema sana, na kwamba marudio yaliyotawanywa kwa siku kadhaa hushika zaidi kuliko marudio yaliyorundikwa siku moja. Mwaka wa 1917 Arthur Gates, Mmarekani, alionyesha kwamba mwanafunzi anayefunga kitabu na kujaribu kusema aliyosoma hukumbuka zaidi kuliko anayesoma tena na tena kwa macho. Mwaka wa 1924 Jenkins na Dallenbach walionyesha kwamba mtu anayelala baada ya kujifunza husahau kidogo kuliko anayekaa macho kwa muda ule ule. Na mwaka wa 1946 Francis Robinson, wa Chuo Kikuu cha Ohio State, aliyakusanya mafunzo ya namna hiyo katika kanuni ya hatua tano: pitia sura yote kwanza upate kuijua sura ya jambo, jiulize maswali, soma ukitafuta majibu, sema kwa maneno yako bila kutazama, kisha rudia.

Mtu akiyatazama vema mafunzo hayo ataona kwamba mengi yake si mageni. Kusema bila kutazama ndiko kulikofanywa na mtoto wa chuoni mbele ya mwalimu wake. Kutawanya marudio ndiko kulikofanywa na kijana wa Mbulu aliyeitikia slufay mkutano baada ya mkutano. Wataalamu wa Ulaya na Marekani walithibitisha kwa hesabu yale ambayo mababu waliyafanya kwa desturi. Walakini mwanafunzi wa bweni na wa Chuo alikuwa amekwisha kuambiwa kwamba desturi za kwao ni za ushamba, na kwamba msomi wa kweli hukaa peke yake, kimya, akakesha. Alitupa kilicho chema kwao kabla hajapewa kilicho chema cha wengine.

Juu ya hofu nako palikuwa na maarifa. Mwaka wa 1908 Yerkes na Dodson, kwa majaribio ya panya, walionyesha kwamba msukumo mdogo huzidisha kujifunza, lakini ukipita kiasi huharibu, na kazi ikiwa ngumu huharibu upesi zaidi. Mwaka wa 1936 Hans Selye, akiwa Montreal, aliandika kwamba mwili ukishikwa na mashaka ya namna yoyote, ikiwa ni baridi, jeraha au sumu, huonyesha dalili zinazofanana, na mashaka yakidumu mwili hushindwa. Toka hapo neno la Kiingereza lenye maana ya mkazo likaenea duniani, nalo kwa Kiswahili sasa huitwa msongo wa mawazo. Maana yake kwa mwanafunzi ni wazi. Hofu kidogo ya mtihani ni chachu. Hofu ya miezi mizima ni mchwa.

Mwaka wa 1960 Raymond Prince, daktari wa maradhi ya akili kutoka Kanada aliyefanya kazi Nigeria, aliandika juu ya wanafunzi waliomjia na malalamiko yaliyofanana. Walisema kichwa kinawaka moto au kinatambaa kama kwamba kuna wadudu, macho yanafifia, wanasoma ukurasa mzima wasielewe kitu, na walichoelewa jana leo kimetoweka. Wenyewe walisema kwamba ubongo umechoka. Prince aliona kwamba mambo hayo huwapata waliosoma kwa nguvu nyingi, na akafikiri kwamba sababu mojawapo ni ile namna ya kigeni ya kujifunza inayomtaka mtu asimame peke yake, hali yeye amelelewa katika kushirikiana. Wataalamu waliofuata walibishana naye. Wengi wao huona kwamba hayo si maradhi ya peke yake bali ni hofu na huzuni zilizovaa nguo nyingine. Tena jina lile lile la ubongo uliochoka lilikuwa limetumika Uingereza tangu karne ya 19 kwa makarani, wanafunzi na watu wengine wa kazi ya akili. Basi halikuwa jambo la Mwafrika tu. Ni jambo la binadamu anayebebeshwa kazi ya akili kupita namna aliyofundishwa kuibeba.

Afrika Mashariki nayo ililitazama jambo hilo. Mwaka wa 1969 madaktari German na Arya walitangaza uchunguzi wao juu ya afya ya akili ya wanafunzi wa chuo kikuu nchini Uganda. Kuchunguzwa kwa jambo hilo kulikuwa hatua kubwa, maana kulikubali kwamba mwanafunzi anaweza kuugua kwa sababu ya masomo asiwe mwendawazimu wala mzembe.

Wakati huo Tanganyika ilikuwa imekwisha kupata Chuo chake. Mwezi wa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Chuo Kikuu kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi 14. Mwaka wa 1963 kiliingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Mwaka wa 1964 kilihamia kilimani Ubungo. Na mwaka wa 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Mwanafunzi wa miaka hiyo alibeba mzigo mwingine juu ya vitabu. Nyerere alimfananisha na mtu wa kijiji chenye njaa aliyepewa chakula chote kilichosalia, ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta msaada. Mtu huyo akila asirudi, amewasaliti wenzake. Mfano huo ulikuwa wa haki, maana gharama ya mwanafunzi mmoja ilitoka katika jasho la wakulima wengi. Mwezi wa Oktoba 1966 wanafunzi walipoandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, karibu 400 kati yao walirudishwa makwao. Taifa zima lilijadili nini mwanafunzi anawiwa na wananchi. Swali jingine halikuulizwa kwa sauti kubwa kama hilo: mtu aliyebebeshwa chakula cha kijiji kizima, je, amefundishwa kutembea? Maana kwa kijana wa Mbulu mfano ule haukuwa mfano tu. Ng'ombe aliyeuzwa kwa ada au nauli alikuwa ng'ombe mwenye jina zizini, na kila aliposhindwa kukielewa kitabu alimwona ng'ombe yule.

Serikali yenyewe iliona kwamba mitihani imekuwa bwana wa shule. Katika Elimu ya Kujitegemea, mwezi wa Machi 1967, Nyerere aliilaumu elimu inayompima mtoto kwa kukumbuka mambo ya vitabuni tu, akataka mitihani ipunguziwe heshima iliyopewa. Mwaka wa 1973 iliwekwa sheria ya Baraza la Mitihani la Taifa, na mitihani ikawa mikononi mwa nchi yenyewe. Mwezi wa Novemba 1974 Azimio la Musoma lilitaka kazi ya mwaka mzima ya mwanafunzi, tabia yake na bidii yake zihesabiwe pamoja na mtihani wa mwisho. Tena likataka wahitimu wa kidato cha sita wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia Chuo Kikuu. Mtu anaweza kubishana juu ya matokeo ya Azimio hilo. Lakini wazo la kumpima mwanafunzi haba na haba lilikuwa na busara ile ile ya mwalimu wa chuoni anayemsikiliza mtoto kila siku. Upungufu wake ni kwamba lilibadili kipimo lisibadili mafunzo. Mazoezi ya kila juma, pasipo mtu wa kuonyesha namna ya kuyafanya, huwa mitihani midogo mingi badala ya mmoja mkubwa.

Tena lilibaki suala la lugha, ambalo kwa mtoto wa Bashay ni zito kuliko yote. Toka mwisho wa miaka ya 1960 Kiswahili kikawa lugha ya shule za msingi nchini pote, na Kiingereza kikabaki sekondari na Chuoni. Mwaka wa 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kiendelee hata sekondari na juu zaidi. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Mwaka wa 1984 wataalamu wawili wa Kiingereza, Criper na Dodd, walipima lugha hiyo katika shule za Tanzania, wakaona kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kufuata masomo yao. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka wa 2014 iliruhusu Kiswahili kitumike katika ngazi zote, lakini masomo ya sekondari na vyuo yameendelea kwa sehemu kubwa kwa Kiingereza.

Katika hali hiyo kukariri si uvivu. Kukariri ni kimbilio. Mwanafunzi asiyeweza kusema jambo kwa maneno yake mwenyewe, kwa kuwa maneno hana, hulihifadhi jinsi lilivyoandikwa ubaoni, akalirudisha jinsi lilivyo. Sekondari njia hiyo yaweza kumpa alama nzuri, na ndiyo sababu hufika Chuoni akiiamini. Chuoni anaulizwa: wewe waonaje? Hapo hazina yake yote haimfai. Naye hajui kwamba kosa liko katika njia. Adhani kwamba hakukariri vya kutosha. Basi huongeza saa, hupunguza usingizi, hutafuta madesa ya walioshinda mwaka uliopita, na kila anapozidisha juhudi katika njia ile ile ndipo anapozidi kuzama. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini aliyeinama mvungu wa kitanda kingine atakesha asikipate.

Tangu mwanzo wa karne hii idadi ya wanaosafiri safari hiyo imeongezeka sana. Ada ya shule za msingi iliondolewa mwaka wa 2001. Toka mwaka wa 2004 mpango wa maendeleo ya sekondari ulisukuma ujenzi wa shule za kata hata katika tarafa za mbali, na toka mwaka wa 2016 ada ya sekondari hadi kidato cha nne ikaondolewa. Vyuo vikuu vikaongezeka: Sokoine tangu 1984, Dodoma tangu 2007, na vingine vya serikali, vya mashirika ya dini na vya watu binafsi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka wa 2004, imewafikisha Chuoni watoto wa wakulima ambao zamani wasingefika. Jambo hilo ni la kushukuriwa. Lakini mkopo ni deni, na aliyeachishwa masomo hubaki akidaiwa ingawa shahada hana. Mwanafunzi wa 1961 alikuwa mmoja kati ya 14, na mwalimu alimjua kwa jina. Mwanafunzi wa leo aweza kuketi katika ukumbi wenye mamia, na muhula ukaisha mwalimu asiijue sauti yake. Akinyamaza kwa sababu haelewi, hakuna anayesikia kwamba amenyamaza.

Wanafunzi wenyewe hawakukaa bure wakingoja kuokolewa. Katika vyuo vya Tanzania jioni huonekana makundi ya watu watano au sita chini ya mti, ukumbini au ngazini, wakijadiliana. Mmoja husoma swali lililoandikwa kwa Kiingereza. Wanalibishania kwa Kiswahili, wakati mwingine wawili wa kabila moja wakiongeza neno la kwao. Kisha jibu hurudishwa katika Kiingereza na kuandikwa. Wengine hudharau makundi hayo wakisema ni porojo, na kweli mengine ni porojo. Lakini kundi zuri hufanya kwa saa moja yale yote yaliyothibitishwa na wataalamu: mtu hufunga kitabu na kusema, hukosolewa papo hapo, hueleza kwa maneno yake, na hurudia kesho. Zaidi ya hayo, hugundua kwamba si yeye peke yake asiyeelewa ukurasa wa 40. Ugunduzi huo mmoja humrudishia mtu usingizi kuliko dawa.

Kundi kama hilo si jambo jipya kwa mtoto wa Bashay. Ni mkutano wa wazee katika sura nyingine, na ni kilimo cha kusaidiana, ambapo shamba la mmoja hulimwa na wengi, kesho likalimwa la mwingine. Tofauti ni moja tu, nayo ni kubwa: hapa kijana anaruhusiwa kumhoji anayesema. Elimu ya kale ilimpa wenzake, sauti na subira. Elimu mpya ilimpa swali. Mwanafunzi anayepoteza moja kati ya hizo mbili hupungukiwa. Anayeziunganisha huwa msomi.

Kwa hiyo ujuzi wa kujisomea si siri ya wenye vichwa vyepesi. Ni kazi ya mikono, kama kutia samadi, na hufundishika. Mwanafunzi hugawa juma lake kabla halijamgawa. Husoma somo moja mara nne kwa siku nne badala ya mara nne usiku mmoja. Husoma akiwa na swali mkononi. Hufunga kitabu na kusema. Hueleza jambo kwa lugha anayoimudu kabla ya kulivisha Kiingereza. Hulala, akijua kwamba usingizi nao ni sehemu ya kusoma. Na akiona kwamba hofu imezidi wiki na wiki, chakula hakipiti na moyo umekata tamaa, humwendea mwalimu, mshauri wa wanafunzi au daktari mapema, kama vile mtu aendavyo kwa homa.

Lakini si haki kumtwisha mwanafunzi peke yake. Chuo kinachompokea kijana aliyepita lugha tatu na kumpa orodha ya vitabu bila kumwonyesha namna ya kuvisoma kimemkabidhi jembe lisilo na mpini. Yafaa namna ya kusoma ifundishwe wiki za kwanza, na walimu wa kila somo, si na mgeni aliyealikwa kwa siku moja. Yafaa majibu ya mazoezi yarudi upesi, ili aliyekosea ajue angali na nafasi ya kurudia. Yafaa mwalimu aruhusu jambo gumu lijadiliwe kwa Kiswahili kwanza. Hakuna katika hayo linalohitaji fedha nyingi, na yote yalipata kujulikana zamani, mengine katika maabara za Ulaya na Marekani, mengine barazani pwani na uwanjani Mbulu.

Mzee wa Bashay anayemuaga mjukuu wake aendaye Chuoni humwambia ajitahidi. Ni neno jema, na limewafikisha wengi mbali. Tarihi hii yaongeza neno moja tu juu ya lile la mzee: juhudi bila njia humchosha mtu kabla hajafika, na njia hiyo alianza kuionyeshwa nyumbani, siku aliyoketi miongoni mwa watu wazima, akasikiliza, na kuitikia.